Herufi Nne za Mjomba Tomasi

Saa nane na robo mchana, Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa saba mwaka 2003, Bernadeta Severini alikuwa mbele ya kompyuta namba nne katika kafe ya intaneti ya Mikidadi, Mwembesongo, akitazama kichupa cha mchanga, ile alama ya kusubiri, kikijipindua kwenye kioo. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, na miguuni kandambili, kwa sababu viatu vilikuwa vimembana tangu kwenye gari la ndizi lililomshusha kutoka Kinole asubuhi. Kulia kwake aliketi Mzee Petro, katekista mstaafu, amepakata mwavuli. Kushoto palikuwa na kiti kitupu, nao walikuwa wakikilinda kile kiti tangu saa sita.

"Samahani mama, hiki ni cha mtu?" mwanafunzi mmoja wa Mazimbu aliuliza.

"Ni cha mjomba," Bernadeta akasema. "Yuko njiani."

Mjomba Tomasi alikuwa amefariki wakati wa Kwaresima, kwa ugonjwa wa kifua, akazikwa kando ya migomba yake mwenyewe. Kutoka kaburini hadi mjini ni mwendo, na hata alipokuwa hai Tomasi hakuwa mtu wa kukimbia. Mwanafunzi alikwenda kukaa namba saba, ile yenye kibodi iliyokosa herufi M.

Mambo haya yalianzia kwenye fomu. Ilikuwa miaka ya uwekezaji, kila mlima una mgeni anayeupima, na wenye ardhi waliambiwa wajisajili. Fomu ilikuwa na mstari wa anwani ya barua pepe, na ofisa aliyeileta Kinole alisema kwamba siku hizi ukoo usio na imeili ni kama haupo. Basi ukoo ukateremka hadi kwa Mikidadi kufunguliwa anwani. Walipofika mahali pa neno la siri, kazi ikasimama. Mali ya lukolo, yaani ya watu wa tumbo moja upande wa mama, haifunguliwi na mkono mmoja. Kigoda, bangili na kisu cha tambiko vinakaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wasiolala nyumba moja. Kwa nini anwani iwe tofauti? Neno likawa la herufi kumi na mbili. Bernadeta akaandika nne zake wengine wakitazama ukuta, Petro akaandika nne zake, Tomasi akamalizia.

Mikidadi aliwaambia kwa upole kwamba dunia nzima neno la siri lina mwenyewe mmoja. Mzee Petro akamjibu kwamba ndiyo maana dunia nzima inaibiwa.

Halafu Tomasi akafa na herufi zake. Siku ya kumaliza matanga jina lake lilirithiwa na mpwa wake Jastin, pamoja na panga, koti la mvua na haki ya kusema mwisho kikaoni, lakini herufi nne hazikuwa mahali popote. Mikidadi alijaribu mlango wa nyuma, pale ambapo mtandao humuuliza mtu aliyesahau swali la kumtambua. Swali lilikuwa jina la ukoo wa mama yako. Kinole nzima inalijua, hata mbuzi, na kwa sababu hiyo siku ile Tomasi alikuwa ameona si busara kuandika la kweli. Aliandika la uongo, na hakumwambia mtu ni uongo gani.

Wangeweza kuishi hivyo, maana anwani ile haikuwa imewaletea chochote zaidi ya matangazo ya dawa za kupunguza unene. Lakini mwisho wa mwezi wa sita mtendaji wa kijiji alimsimamisha Bernadeta shambani, akiwa kwenye iliki, akamwambia kuna barua. Ofisi moja ya Dar es Salaam ilikuwa imeituma kwenye imeili ya ukoo tarehe ishirini na sita. Ilihusu chemchemi ya Lukumbi. Kampuni moja ilikuwa imeiomba, ukoo ulikuwa na siku ishirini na moja za kupinga, na pingamizi lingepokelewa kwa barua pepe tu, kutoka anwani iliyosajiliwa tu, hadi Alhamisi tarehe kumi na saba, saa kumi jioni. Asiyepinga atahesabiwa ameridhia.

"Si unichapie hapo ofisini kwako?" Bernadeta alimwuliza.

"Mimi sina kompyuta, mama. Hata hii habari nimepigiwa simu."

Lukumbi ndiyo maji wanayokunywa, wanayomwagilia nyanya na wanayobatizia. Ndiyo maji wanayowamwagia waliokufa. Kwa hiyo Bernadeta na Petro walichota kibuyu, wakaenda kaburini kwa Tomasi, wakamwaga, wakamweleza shida yote kuanzia mtendaji hadi saa kumi jioni. Tomasi hakuwa mtu wa ubishi. Alisema atakuja Alhamisi, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku aliyozoea kwenda mjini.

Akaja kweli, saa tisa na dakika ishirini. Alikuwa na koti lake la kuzikiwa, magoti yana udongo mwekundu, na ndevu zimelowa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nilipita Lukumbi kunywa. Maji yamepungua."

"Kiangazi hicho," Petro akasema.

"Kiangazi nakijua," Tomasi akasema, akaketi.

Bernadeta akaandika nne zake, marehemu na katekista wakitazama ukuta. Petro akaandika nne zake. Ilipofika zamu ya Tomasi, ilionekana kwamba kibodi haikumsikia vizuri. Herufi moja aliibonyeza mara saba au nane ndipo ikakubali, na ilipokubali ikageuka kinyota.

"Sikuandika nyota mimi."

"Ndivyo inavyoficha, mjomba. Endelea."

"Nitajuaje kama nimepatia?"

"Endelea, mjomba."

Alipomaliza ya nne Bernadeta akabonyeza kuingia. Kichupa cha mchanga kikajipindua. Walikaa wote watatu, mikono mapajani, kama watu walio kwenye benchi la zahanati. Saa kumi kasorobo ukurasa ukabadilika, ukaandika kwamba muda wao umekwisha, tafadhali waingie upya.

Bernadeta alimgeukia Tomasi, akamwomba, kwa heshima zote, amnong'oneze tu zile herufi ili yeye mwenye vidole vyepesi aziandike. Tomasi alimtazama kama ametukaniwa mama. Petro, ambaye siku zote alipingana na Tomasi alipokuwa hai, safari hii akaungana naye. Wakarudia. Muda ukaisha tena. Wakarudia, na umeme ukakatika.

Aliyesema subira huvuta heri hakuwahi kusubiri barua pepe. Yule wa ngoja ngoja huumiza matumbo, huyo ndiye aliyewahi kupita Mwembesongo.

Mikidadi hakuwa mtu wa kumlaumu mteja. Kabla ya kafe alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo, kiwanda kilipouzwa akapunguzwa, na kiinua mgongo chake chote kilikuwa ndani ya zile kompyuta nane. Alizichukulia kama alivyochukulia mashine za kufuma: kitu hakiwi kizito bure, kuna mahali kimekwama. Wiki nzima alihangaika na namba nne. Alifuta mafaili ya muda, ambayo yalikuwa yamejaa kama jaa la sokoni. Aliondoa programu tatu zilizojipachika bila kuitwa. Aliweka brauza nyingine. Alipanda juu ya bati akageuza kisahani kidogo cha kunasa mtandao kuelekea mlimani. Aliipindua kibodi na kuikung'uta, ikamwaga udongo mwekundu kiasi cha kujaza kisoda, akaufunga kwenye karatasi amrudishie mwenyewe.

Alhamisi ya pili aliwazuia wanafunzi wasifungue muziki wala picha, ili mtandao wote uende namba nne. Wanafunzi walinung'unika. Mikidadi akawaonyesha marehemu aliyekuwa akingoja zamu, wakaona haya, wakazima.

"Mzee, bonyeza taratibu tu, usiiogope," alimwambia Tomasi. "Leo iko fasta."

Ilikuwa nyepesi kweli. Kwa mara ya kwanza neno la siri likapokelewa, na sanduku likafunguka, barua mia sita na arobaini, zote za kupunguza unene isipokuwa moja. Bernadeta alijifuta kiganja kwenye kitenge, akaibonyeza ile moja. Ilianza kushuka kutoka juu ya kioo, unene wa uzi kwa uzi, kama pazia linaloteremshwa na mtu mvivu. Baada ya dakika ishirini waliona nembo. Baada ya dakika arobaini waliona nusu ya ncha ya mlima wa rangi ya kijani. Kumbe waandishi walikuwa wamebandika ramani ya Lukumbi yenye rangi zote, kubwa kama shuka, na mtandao wa Mwembesongo ulikuwa ukiibeba kama siafu wanavyobeba panzi. Ilipofika saa kumi na mbili Mikidadi alifunga kafe. Walikuwa wamesoma hadi "Ndugu wa".

Bernadeta alilia kidogo barabarani, machozi ya hasira, si ya huzuni. Alikuwa na miaka arobaini na sita, alikuwa amelea watoto watano na kuongoza kikundi cha iliki, na hakuna kitu kilichowahi kumfanya ajione mjinga kama kile kioo. Tomasi alimsindikiza hadi kituo cha magari ya Kinole. Yeye hakupanda. Alisema akikaa kwenye gari miguu yake inaganda.

"Imebaki moja," Bernadeta akamwambia. "Tafadhali mjomba, uwahi."

"Nitawahi."

Hakuwahi. Alhamisi tarehe kumi na saba walimngoja tangu saa tatu asubuhi. Mikidadi alikuwa amegundua jinsi ya kuzima picha zote, maneno yaje peke yake, na alikuwa ameweka ukurasa wa kawaida usio na mapambo, mweupe kama sanda. Kila kitu kilikuwa tayari. Saa nane ikapita. Saa tisa. Bernadeta alikuwa na daftari lenye pingamizi aliloandika kwa siku nne, kurasa mbili, mistari yote imenyooka, na alilisoma mpaka maneno yakaacha kuwa na maana. Petro alisali tasbihi nzima akaanza nyingine.

Saa tisa na dakika ishirini na tano Tomasi aliingia. Midomo ilikuwa imempasuka, na ulimi ulikuwa mkavu kiasi kwamba hakuweza kuitikia shikamoo. Aliketi, akaonyesha koo lake.

Mikidadi alifungua friji iliyokuwa kando ya mlango, akatoa chupa ya maji, akaifungua mwenyewe, akampa. Tomasi akanywa funda moja. Akasita. Akanywa la pili, akaliweka mdomoni muda mrefu, macho yameelekea darini.

"Haya ni ya Lukumbi," akasema.

"Ni ya chupa, mzee. Yanaitwa Kilele Chetu."

"Mimi nimeyanywa miaka sabini na moja, na miezi mitatu nikiwa nimekufa. Yanapita kwenye mizizi ya iliki. Haya ni ya Lukumbi."

Ndipo alipoeleza sababu ya kuchelewa. Alikuwa amekwenda kunywa kama kawaida yake, akakuta seng'enge. Ukuta haukuwa umewahi kumsumbua tangu afariki, hupita tu, lakini seng'enge ile ilikuwa mpya, imesimamishwa usiku huo, na getini palikuwa na mlinzi aliyemdai kitambulisho. Alimwambia yeye ni Tomasi, marehemu, mwenye maji. Mlinzi alitazama kwenye karatasi yake, akasema jina hilo halimo. Alizunguka seng'enge yote akitafuta mwisho wake, na ndiyo iliyomchelewesha. Huko juu, zaidi ya chemchemi, aliona lile bomba ambalo wapimaji waliliweka mwaka jana wakasema ni la majaribio. Lilikuwa likiteremka upande wa pili wa mlima, hadi barabarani, kwenye malori.

Bernadeta akaichukua chupa. Chini ya picha ya mlima palikuwa na tarehe ya kutengenezwa, imepigwa kwa wino mdogo: 19 Mei 2003. Aliisoma mara mbili. Barua ya kuwauliza kama wanaridhia ilikuwa imetumwa Juni, tarehe ishirini na sita.

Aliiweka chupa kando ya kibodi, karatasi yake imemtazama, akasema, "Tazameni ukuta."

Akaandika nne zake. Petro akaandika nne zake. Tomasi aliandika nne zake kwa kidole kilicholowa maji, na safari hii kila herufi ilikubali kwa kubonyezwa mara moja. Ukurasa ukafunguka papo hapo. Barua ikaja bila picha, mistari sita, na mstari wa mwisho uliwashukuru kwa ushirikiano wao. Bernadeta alianza kunakili pingamizi kutoka kwenye daftari, na mwishoni akaongeza sentensi ambayo haikuwemo, kuhusu tarehe ya kwenye chupa. Saa kumi kasoro dakika nne alibonyeza kutuma. Ukurasa ulisema barua imekwenda.

"Imekwenda!" Mikidadi akasema, na wale wanafunzi wa Mazimbu wakapiga makofi. Mzee Petro aliitia tasbihi yake mfukoni. Namba nne ilikuwa nyepesi kuliko kompyuta yoyote ya Morogoro siku ile, na Mikidadi aliitazama kwa mapenzi, kama fundi anayeisikia mashine yake ikiimba.

Jibu lilikuja kabla hawajasimama. Halikuwa limeandikwa na mtu. Lilisema kwamba ujumbe wao haukuweza kupokelewa kwa sababu sanduku la mpokeaji limejaa, na kwamba limejaa tangu tarehe ishirini na tano Juni, na kwamba wajaribu tena baadaye.

Mikidadi aliusoma ujumbe huo mara tatu. Aliangalia nyaya. Alitoka nje akaangalia kisahani. Kisha akarudi, akavuta kiti, akakaa karibu na Bernadeta, na kwa mara ya kwanza tangu awafahamu hakuwa na la kujaribu.

"Huku kwetu hakuna kilichokwama, mama," alisema. "Kule ndiko kulikokwama."

"Najua," Bernadeta akasema. Alitaka kuibamiza ile kompyuta. Alitaka kumbamiza mtendaji, na ofisa wa fomu, na mtu asiyemjua aliyekaa Dar es Salaam karibu na sanduku lililojaa. Alijaribu tena saa kumi kasoro dakika mbili, na saa kumi kamili, na saa kumi na dakika moja, ilipokuwa haina maana tena. Majibu yalikuja upesi sana, moja baada ya jingine, neno kwa neno.

Seng'enge ya Lukumbi haikuondolewa. Mwezi wa tisa waliijengea nguzo za saruji. Ukoo ulikwenda kwa mtendaji, mtendaji akasema maji yakimwagika hayazoleki, na kumbukumbu zinaonyesha hakuna aliyepinga. Wanawake wa Kinole sasa huchota mtoni, chini zaidi, na nyanya zao zimekuwa ndogo. Malori hupita barabarani kila asubuhi, na madereva ni watu wema, huwapungia watoto mkono.

Ilipofika siku ya tambiko la mwaka, ambalo haliwezi kufanywa kwa maji mengine, Bernadeta alinunua katoni ya Kilele Chetu kwa Mikidadi, akaipandisha Kinole kwenye gari la ndizi. Petro alisema chupa zisifunguliwe na mkono mmoja. Zikafunguliwa na watatu, mmoja ameshika chini, mmoja katikati, mmoja kizibo, wakamwaga. Wazee walionja udongo uliolowa, wakasema ni yenyewe.

Tomasi bado huteremka kila Alhamisi. Wanafunzi wapya wa Mazimbu huonyeshwa kiti chake ili wasikikalie. Siku hizi hufika mkavu, akiwa amezunguka seng'enge, na Bernadeta huwa ameshalipia chupa moja na kuiweka kando ya kibodi.

"Wamejibu?" humuuliza, akishamaliza kunywa.

"Wamejibu lilelile, mjomba. Limejaa."

"Basi fungua tena."

Mzee Petro huweka mwavuli chini. Tomasi hugeuza uso kutazama ukuta, na Bernadeta huandika herufi nne zake.